Makazi ya Bei Nafuu na Watu Wasio na pa Kulala, Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa tangu nianze kukaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa hapa Mtwara kama msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Mengine hutoka Lindi kwa simu, mara nyingi usiku, maana mtu aliyetolewa vyombo nje hasubiri kukuche. Nimeyaacha jinsi yanavyoulizwa. Pale panapouma zaidi nimejibu kwa urefu.

Mbona huku Kusini hatuna watu wasio na makazi? Hao si wako Dar es Salaam?

Wapo, ila wamejishikiza. Mama na wanawe watatu wako sebuleni kwa dada yake, na kila asubuhi godoro linasimamishwa ukutani kabla shemeji hajatoka chumbani. Kijana wa bodaboda analala ndani ya kibanda cha chipsi, na kwa kulala humo analinda mafuta na jiko la mwenye kibanda. Mzee ambaye nyumba yake ya udongo ililala chini masika yaliyopita yuko kibarazani kwa jirani, amejifunika turubai, na ukimuuliza anasema yuko "kwa muda tu". Muda huo sasa unaingia mwaka wa pili.

Hakuna kati ya hao ambaye ukipita Chikongola au Magomeni, au ukiingia Lindi mjini, utamwita mtu asiye na makazi. Hata sensa huhesabu kaya, yaani wanaokula chungu kimoja, kwa hiyo yule mama amehesabiwa ndani ya kaya ya dada yake na shida yake imefichwa humo. Sensa ya 2022 ilikuta Mtwara ina watu zaidi ya milioni 1.6 na Lindi karibu milioni 1.2. Wangapi kati yao walilala usiku ule kwenye nyumba wanayoweza kuambiwa kesho waondoke, idadi ya kaya haiwezi kutuonyesha.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa anayejishikiza, jembe huanza siku ya kwanza: anachota maji, anafua, anapika, analea watoto wa mwenyeji, na bado hana sauti. Wasichana ndio wanaoumia zaidi. Nimesikiliza wengi walioingia kwenye ndoa wasiyoitaka kwa sababu mwanamume yule alikuwa na chumba.

"Makazi ya bei nafuu" maana yake nini hasa?

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba gharama ya kukaa isizidi kama theluthi moja ya kipato cha kaya. Kwa mwalimu mwenye mshahara, hesabu hiyo inafanyika. Kwetu wengi fedha huja kwa msimu: minada ya korosho kuanzia Oktoba, na ufuta kwa upande wa Lindi kuanzia katikati ya mwaka. Februari na Machi mfuko mtupu. Kwa hiyo chumba ambacho ni nafuu ukigawa kwa mwaka mzima kinaweza kukufukuzisha Machi, kwa sababu tu siku ya kulipa haikuangukia msimu. Mimi nikisema bei nafuu namaanisha pia malipo yanayofuata jinsi watu wanavyopata fedha. Bei peke yake haitoshi.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sheria inamruhusu?

Hakuna sheria inayomkataza. Zamani tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984, yenye mabaraza yake ya nyumba, ikaweka mipaka ya kodi na ya kumwondoa mpangaji. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo upangaji unaendeshwa na Sheria ya Ardhi ya 1999 na makubaliano yenu wawili. Viongozi wamelaani mara kadhaa kodi ya miezi sita au mwaka, na habari ya kuunda chombo cha kusimamia nyumba za kupanga imezungumzwa kwa miaka. Kulaani hakujawa kanuni.

Fanya hesabu uone jambo hili linavyofunga mlango. Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 240,000. Dalali anataka mwezi mmoja, 40,000. Unahitaji 280,000 mkononi kabla hujaweka hata mkeka. Mama anayeuza samaki Feri anaweza kutoa 40,000 kila mwezi kwa miaka kumi bila kukosa, lakini 280,000 kwa siku moja hajawahi kuishika. Anashindwa kuingia, na kodi yenyewe angeimudu. Ndiyo maana nasema kodi ya mkupuo inawaweka watu nje ya nyumba kuliko hata uchache wa vyumba.

Wenye nyumba nao nimewasikiliza. Wengi si matajiri: ni bibi mwenye vyumba vinne vya uani alivyojenga kwa fedha za korosho za miaka saba, na hofu yake ni mpangaji anayetoroka na deni la umeme. Hofu hiyo ina dawa nyingine. Mkataba wa maandishi, mdhamini anayejulikana mtaani, amana ya mwezi mmoja, kisha kodi ya mwezi kwa mwezi. Pale ambapo tumekaa chini na pande zote mbili na kuandika hivyo, mara nyingi imekubalika, hasa kwa chumba kilichokaa wazi.

Hatukuandikiana mkataba. Nina haki yoyote?

Unayo. Upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka, unatambulika hata kama mlikubaliana kwa mdomo. Tatizo ni kuuthibitisha. Lipa kwa simu ili ujumbe ubaki, na usiufute. Ukilipa taslimu, andika hata kwenye daftari la shule tarehe, kiasi na sahihi ya aliyepokea. Akikataa kusaini, mlipe mbele ya mtu.

Ameng'oa mlango wangu kwa sababu nimechelewa wiki mbili. Nifanye nini sasa hivi?

Usipigane. Piga picha, ita majirani wawili waone, kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji au kushika vyombo vya mpangaji si utaratibu wa kisheria wa kumwondoa mtu, hata kama deni ni la kweli. Deni linadaiwa kwa notisi ya maandishi, na mkishindwana, kwa baraza.

Njia yenyewe iko hivi. Baraza la Kata linasuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi na nyumba. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hapo ndipo hukumu hutolewa. Wengi bado wanadhani Kata ndiyo mahakama, wanakaa miezi wakisubiri uamuzi usioweza kuja.

Kila nikinunua umeme nakatwa fedha ya jengo. Mimi ni mpangaji, nalipia nyumba ya nani?

Unamlipia mwenye nyumba. Kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, ikaanza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa hulipa zaidi. Kodi hii kisheria ni ya mmiliki, kwa hiyo una haki ya kuiomba ipunguzwe kwenye kodi yako ya chumba. Tunza jumbe za LUKU, zijumlishe, mwonyeshe kwa adabu siku ya kulipa. Na kama mwenye nyumba ni mzee wa miaka 60 au zaidi na anaishi humo, msaidie aulizie msamaha, maana sheria inawatambua wazee.

Wakati wa gesi kodi zilipanda. Gesi imepoa, mbona viwanja havishuki?

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na ikaanza kuzalisha umeme wa huku mwaka 2006. Kilichopandisha bei ni ugunduzi mkubwa wa baharini baada ya 2010. Wageni wakaja, makampuni yakatafuta nyumba Shangani, na kila mwenye kiwanja akaanza kuota. Watu wa Mtwara walichokiona mwaka 2013, zile fujo za Januari na Mei, zilihusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, lakini waliokuwa mtaani wanajua kwamba hasira ilikuwa pana kuliko bomba. Bei ya maisha ilikuwa imeshapanda kabla ya neema yenyewe kufika.

Vyumba vya kifahari vilikosa wapangaji na kodi yake ikalegea. Ardhi haikurudi. Aliyenunua kwa bei ya matumaini hauzi kwa hasara, anaacha pori mpaka matumaini yarudi. Leo kuna viwanja vilivyopimwa, vina barabara, vimeota nyasi, na pembeni yake mtu anajenga bondeni kwenye mkondo wa maji kwa sababu ndiko alikoweza.

Lindi inafaa isome somo hili sasa. Eneo la Likong'o limetengwa kwa mtambo wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika, wakazi wake walisubiri fidia kwa miaka, na mradi bado unazungumzwa. Siku utakapoanza kweli, mafundi watakuja kwa maelfu na vyumba vya Lindi havitatosha. Halmashauri ikipima na kugawa viwanja vya wananchi wa kawaida kabla ya siku hiyo, itakuwa imewalinda. Ikisubiri, walio na fedha watakuwa wamefika kwanza.

Shirika la Nyumba la Taifa si lilianzishwa kwa ajili yetu maskini?

Ndiyo, mwaka 1962, na miaka ya mwanzo liliondoa nyumba za udongo na kujenga za kudumu, hasa Dar es Salaam. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya thamani kubwa ya watu binafsi, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia, yakawa chini ya Msajili wa Majengo, aliyekuja kuunganishwa na shirika hilo mwaka 1990. Benki ya Nyumba iliyokuwa ikikopesha wajenzi wa kawaida ilifungwa mwaka 1995. Hiyo ndiyo hasara ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha: baada yake, mtu asiye na mshahara hakubakiwa na mahali pa kukopa ajenge.

Shirika limejenga nyumba zilizoitwa za gharama nafuu mikoani, zikiwemo za Mtanda, Lindi. Ni nyumba nzuri. Lakini ukiweka gharama ya ardhi, barabara, maji, riba na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, mkulima wa korosho wa Nachingwea haifikii, wala mama lishe wa Lindi mjini. Mikopo ya nyumba ya benki nayo inataka hati, mshahara na miaka mingi ya riba kubwa. Nchi nzima wenye mikopo hiyo ni maelfu machache, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 61. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja upungufu wa nyumba milioni 3. Mambo hayo mawili hayakutani.

Sipingi nyumba za shirika. Ninachosema ni kwamba zaidi ya wachache wanaozimudu, kila mtu hapa anajijengea mwenyewe, tofali kwa tofali, na sera inayomsahau mjenzi huyu inazungumza na watu wachache.

Nimenunua kiwanja kwa mwenyeji, tukaandikiana ofisi ya mtaa. Hati sina. Niko salama?

Uko nusu ya njia, na nusu iliyobaki ndiyo yenye mashimo.

Kwanza, aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza? Huku kwetu swali hili lina uzito wake. Shamba la mikorosho mara nyingi ni la ukoo, na ukoo wa Wamakonde, Wamwera na Wayao ulifuatwa upande wa mama. Mjomba anaweza kuwa na sauti juu ya shamba ambalo wewe umeonyeshwa na baba wa familia. Nimeona mauziano safi kabisa, yenye muhuri na mashahidi sita, yakivunjika miaka minane baadaye kwa sababu wapwa hawakuulizwa. Ukinunua, waite wana ukoo waseme mbele ya watu kwamba wanajua na wameridhika. Mke au mume wa muuzaji asaini. Majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka na waandike majina yao.

Pili, eneo limepangiwa nini? Nenda idara ya ardhi ya halmashauri uulize kabla ya kutoa fedha. Mtu anaweza kukuuzia kihalali kabisa kiwanja ambacho kwenye mchoro wa mipango miji ni barabara au uwanja wa shule. Uliza pia kama kuna mtu mwingine aliyepewa. Kiwanja kimoja kuwa na wamiliki wawili kinaitwa milki pandikizi, na anayeumia zaidi huwa ni yule asiye na fedha ya wakili.

Tatu, endelea mpaka karatasi ya mwisho. Mjini, kama mtaa wenu umeingia kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, changia upimaji na ufuatilie hadi hati ya miaka 33, 66 au 99. Mitaa mingi watu wamechanga, vigingi vikawekwa, kisha hakuna aliyerudi kuchukua hati, na huo ni mchango uliopotea. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi na haina nguvu ya hati, ila ni bora kuliko kukaa mikono mitupu. Kijijini njia ni hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kupitia halmashauri ya kijiji. Hakikisha majina ya wote wawili, mume na mke, yameandikwa. Naomba hilo usilipuuze.

Mume wangu amefariki. Wapwa zake wanasema nyumba ni ya mjomba wao, niondoke. Ni kweli?

Hili ndilo swali linaloniamsha usiku, na katika wanaokosa pa kulala ghafla, wajane ni wengi kuliko kundi lolote ninalolihudumia.

Tuanze na mila yenyewe kwa haki. Kwa bibi zetu, mume ndiye aliyehamia kwao mke. Mwanamke alizungukwa na dada zake na kaka zake, kwenye ardhi ya mama yake. Mume akifa, mjane hakuwa na pa kufukuzwa, kwa sababu alikuwa kwake. Kwa hiyo mali ya mwanamume kurudi kwa wapwa zake haikumwacha mtu barabarani. Sasa tumehamia mjini. Kiwanja kimenunuliwa kwa jina la mume, mke amebeba kokoto na maji ya zege, ameuza vitumbua kupata mabati, halafu mume akifa wapwa wanaleta nusu ya mila iliyo na faida kwao, na ile nusu iliyomlinda mwanamke wameiacha kijijini. Mila iliyokatwa hivyo haina haki ya kuitwa mila.

Sasa sheria. Hakuna ndugu anayeweza kukutoa kwa kikao cha arobaini. Nyumba ya marehemu inagawiwa kupitia mirathi. Familia inakaa, inapendekeza msimamizi, muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, na mahakama ndiyo inayomteua. Wewe mjane unaweza kuwa msimamizi. Kama si wewe, unaweza kuweka pingamizi. Na kumbuka: msimamizi si mmiliki. Anakusanya, analipa madeni, anagawa na anarudisha hesabu mahakamani. Nimeona wasimamizi wanaokata mlango na kupangisha vyumba kana kwamba wamerithi wao. Mshitaki.

Kama mirathi inafuata sheria ya Kiislamu, kama ilivyo kwa familia nyingi za pwani yetu, mjane ana fungu lake: sehemu moja ya nane marehemu akiwa ameacha watoto, moja ya nne akiwa hana. Wake wakiwa zaidi ya mmoja wanagawana fungu hilo. Watoto nao wana mafungu yao, na ndio wengi. Anayesema dini inampa mpwa nyumba yote na kumtoa mjane na watoto ndani ya eda, hajui anachosema.

Lipo jambo jingine: jasho lako. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, si kifo, lakini wazo lake limebadilisha namna watu wanavyoiona kazi ya mwanamke. Na wakati mume yu hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu auze au aweke rehani nyumba mnayoishi bila ridhaa yako.

Dada yangu, usitoke. Mtu akishatoka, kurudi ni vigumu mara kumi. Tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua na huduma kwa asiye na uwezo ni ya bure.

Nyumba yangu imewekwa alama ya X ya kubomolewa. Nitalipwa?

Inategemea nani alitangulia. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ulijenga nje ya mpaka wa zamani na sasa mpaka umekufuata, dai fidia. Ulijenga baada ya mpaka kuwekwa, hutalipwa. Ufukweni kuna mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, na hilo linawagusa wengi Mikindani na pwani ya Lindi.

Serikali inalitaka eneo letu kwa mradi. Fidia inapaswa kuwa nini?

Si bei ya miti na bati pekee. Fidia kamili ina thamani ya soko ya ardhi na mali iliyopo, posho ya usumbufu, usafiri, faida inayopotea kwa mwenye biashara, na posho ya makazi ambayo hupigwa kwa kodi ya soko ya miezi 36. Hiyo ya mwisho inasahauliwa na wengi, nayo ndiyo inayomzuia mtu asilale nje wakati anajenga upya. Ikichelewa inadai riba, na uthamini una ukomo wa miaka miwili, baada ya hapo unafanywa upya. Usisaini fomu ambayo hujasomewa. Hesabu mikorosho yako mwenyewe kabla mthamini hajafika.

Nina fedha kidogo. Nijenge vipi isije ikaanguka?

Anza na msingi na paa. Nyumba ya udongo na fito si aibu wala si lazima ianguke: kinachoiua ni maji yanayopanda kutoka chini na mvua inayopiga ukuta. Ukiinua msingi kwa mawe na saruji na ukatoa paa nje ya kutosha, ukuta wa udongo unaishi miaka mingi. Matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyafundisha kwa muda mrefu, hutumia saruji kidogo na hayachomwi kwa kuni. Tunacho kiwanda kikubwa cha saruji hapa Mtwara tangu 2015, lakini mfuko bado ni mzito kwa anayenunua mmojammoja.

Epuka bonde, hata likiwa bure. Mafuriko ya Kilwa ya Januari 2020 na kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, vimeonyesha maji yanarudi yalikokuwa. Funga kenchi kwa vyuma kwenye ukuta, kwa sababu upepo huezua paa lote kwa mara moja.

Kenya wanakatwa mshahara kwa ajili ya nyumba. Na sisi tufanye hivyo?

Wenzetu wanakatwa asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza nyingine, chini ya sheria ya 2024. Huku Kusini wenye mshahara ni wachache mno, tungekusanya kidogo na kumjengea asiye wetu. Mimi ninapenda zaidi mifano mingine. Chamazi, Dar es Salaam, watu walioondolewa Kurasini kupisha bandari walijiunga kupitia shirikisho la maskini wa mijini, wakaweka akiba, wakanunua ekari 30 na kuanza kujenga wenyewe. Voi, Kenya, mtaa uitwao Tanzania-Bondeni ulishika ardhi kwa pamoja ili asitokee mmoja akauza na kuwaacha wenzake. Iquique, Chile, familia 93 zilijengewa nusu ya nyumba, ile nusu ngumu yenye choo, jiko na ngazi, na nusu nyingine wakaimalizia wenyewe walivyopata. Hicho cha mwisho ndicho tunachofanya sisi tangu zamani, tofauti ni kwamba wao walisaidiwa sehemu iliyo ngumu. Sisi tuna vyama vya ushirika vya korosho vinavyojua kukusanya na kulipa watu kwa maelfu. Sioni kwa nini visiwe na mfuko wa viwanja.

Kuna mtu analala stendi. Nimsaidieje? Na polisi wakimkamata?

Zungumza naye kwanza, umjue jina. Kisha mpeleke, usimtume peke yake, kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Akiwa mtoto, piga 116, ni bure. Akiwa mzee asiye na ndugu, ustawi wa jamii ndio wenye njia ya kumpeleka kwenye makazi ya wazee. Akiwa mgonjwa wa akili, hospitali iwe kabla ya yote.

Kuhusu kukamatwa: makosa ya uzururaji tuliyarithi kutoka kwa wakoloni. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika. Kukosa pa kulala si kosa, na ukimwona mtu anabebwa kwa sababu hiyo tu, mfuate kituoni ukaulize kwa heshima ameshitakiwa kwa nini.

Ungekuwa diwani, ungeanza na nini?

Ningeanza na viwanja vidogo vilivyopimwa, vyenye barabara na bomba la maji la pamoja, vinavyolipwa kwa awamu zinazoisha Desemba, korosho ikishalipwa, na ambavyo huruhusiwi kuuza kwa miaka kadhaa ili visiishie kwa wafanyabiashara. Ningetenga sehemu ya ushuru wa mazao kwa upimaji huo kila mwaka, maana fedha hiyo imetoka kwa wakulima haohao. Ningechapisha mkataba wa upangaji wa ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, ukapatikana bure kila ofisi ya mtaa. Na kila kata ningeweka vyumba viwili vya dharura, vyenye kufuli na kitanda, kwa mjane, mtoto au familia iliyoangukiwa na ukuta, wakae siku 30 wakati shauri lao linashughulikiwa.

Nije na nini nikija kukuona?

Kitambulisho, jumbe za malipo, karatasi yoyote hata iliyochanika, cheti cha kifo kama ni mirathi, na mtu mmoja anayejua jambo lako tangu mwanzo. Kama huna hata kimoja, njoo hivyohivyo.